Silaha, Mnyama na Mpaka: Istilahi za Sheria za Uwindaji kwa Wasomaji wa Kiswahili wa Bwesumbu na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi sheria za uwindaji zinavyotofautiana kati ya Uganda na nchi jirani, kwa kutumia mfano wa wakazi wa Bwesumbu na Bwera, magharibi mwa Uganda. Mjadala unaanzia kwenye bunduki ya upepo, kwa kuwa chombo hicho kinaonesha wazi namna neno moja linavyoweza kubeba maana tofauti za kisheria katika nchi tofauti. Hoja kuu ni kwamba uhalali wa kuwinda hauamuliwi na chombo peke yake. Mahali, mnyama na idhini hutangulia. Makala yanaonesha pia kwamba maneno matatu ya Kiswahili, yaani haki, waharibifu na nyama, yanaweza kumfikisha msomaji mahakamani pasipo yeye kukusudia kuvunja sheria, na yanapendekeza namna ya kuyatumia kwa uangalifu katika matangazo, mikutano ya hadhara na ukalimani.

Istilahi za msingi: uwindaji, ujangili, bunduki ya upepo, idhini, wanyama waharibifu, ukalimani wa mahakamani

1.0 Utangulizi

Sheria za wanyamapori za Uganda zimeandikwa kwa Kiingereza. Za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimeandikwa kwa Kifaransa. Katikati ya lugha hizo mbili, katika masoko ya Bwera, Mpondwe na Lubiriha, watu wanauza, wananunua na kupeana habari kwa Lukonzo, Kinande na Kiswahili. Ndiyo kusema kwamba mkazi wa eneo hili huipata sheria baada ya kufasiriwa, na mara nyingi huipata kwa mdomo: kutoka kwa mwenyekiti wa LC1, askari wa wanyamapori, mtangazaji wa redio au jirani aliyerudi kutoka ng'ambo ya mpaka.

Ufasiri wa namna hiyo una faida kubwa, lakini una hatari yake. Neno linapovuka mpaka pamoja na msemaji, maana yake ya kisheria haivuki nalo. Kinachoitwa leseni Tanzania hakilingani moja kwa moja na kile kinachotolewa Uganda, na kibali kinachotajwa katika sheria ya Kongo hakina nguvu yoyote hatua chache mashariki mwa mpaka. Kutojua sheria si utetezi, kama wanasheria wasemavyo. Hata hivyo, mtu anayedhani kwamba anaijua kwa sababu amelisikia neno analolifahamu yumo hatarini kuliko yule anayekiri kwamba haijui.

Makala haya yamegawanyika katika sehemu sita baada ya utangulizi huu. Zinaeleza mazingira ya eneo husika, suala la silaha, maswali manne yanayoamua uhalali wa kuwinda, tofauti kati ya nchi jirani, maneno matatu yanayopotosha, na mwisho haki ya lugha kwa mtu aliyekamatwa. Hitimisho linafuata.

2.0 Bwesumbu, Bwera na Mipaka Yake

Bwesumbu ni kaunti ndogo ya wilaya ya Kasese, kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori. Wakazi wake wengi ni Bakonzo, wakulima wa kahawa, mihogo, maharage na migomba. Juu ya mashamba yao huanza Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1994. Kusini, katika nyanda za chini, ipo Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Magharibi, ng'ambo ya vilele, miteremko ya upande wa Kongo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ambayo chimbuko lake ni hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Bwera uko karibu na kituo cha mpakani cha Mpondwe, kinachotazamana na Kasindi.

Kwa hiyo mkazi wa eneo hili anaishi kati ya mipaka ya aina mbili. Upo mpaka wa nchi, ambao una kizuizi, bendera na maofisa wa uhamiaji. Upo pia mpaka wa hifadhi, ambao mara nyingi ni mstari wa miti, kijito au jiwe la alama. Mpaka wa kwanza unajulikana na kila mtu. Wa pili hauonekani kwa urahisi, nao ndio unaobadilisha uzito wa kosa kwa haraka zaidi.

Wanyama hawaujui mpaka wowote kati ya hiyo miwili. Nyani na ngedere hushuka kula mahindi, nguruwe pori hufukua mihogo usiku, na katika nyanda za chini tembo hutoka hifadhini na kuharibu shamba zima kwa usiku mmoja. Haja ya silaha, kwa mkulima wengi, huanzia hapa. Anayeitafuta aghalabu hafikirii biashara ya nyama wala pembe. Anafikiria chakula cha watoto wake.

3.0 Bunduki ya Upepo: Je, ni Bunduki?

Bunduki ya upepo hutumia hewa iliyobanwa, springi au gesi kuisukuma risasi ndogo, badala ya baruti. Haina mlio mkubwa, bei yake huwa chini ya ile ya bunduki ya kawaida, na katika nchi kadhaa huuzwa kama chombo cha michezo. Sifa hizo zinaweza kumfanya mtu aamini kwamba chombo hiki hakimo katika sheria ya silaha na kwamba, kwa sababu hiyo, kinaruhusiwa kwa kuwindia. Imani hiyo ina makosa mawili, na ni vema kuyatenganisha.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba sheria zote hupima bunduki kwa kipimo kimoja. Kuna vipimo viwili vikuu. Kipimo cha kwanza huuliza kinachosukuma risasi. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968 inafuata njia hiyo: silaha ya moto ni ile inayorusha risasi kwa nguvu ya mlipuko, na kwa hiyo bunduki ya upepo, kwa ujumla, haimo. Hata hivyo, majimbo yana sheria zao. New Jersey huihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha ya moto, na kila jimbo huamua lenyewe ni mnyama gani anaweza kuwindwa kwa chombo hicho na kwa risasi ya ukubwa gani.

Kipimo cha pili huuliza kama chombo kinaweza kuua. Sheria za Uingereza zinazungumzia silaha yoyote yenye mtutu inayoweza kuua na kurusha risasi au kitu kingine, pasipo kutaja baruti. Huko bunduki ya upepo imo katika fasili, kisha zile zenye nguvu ndogo huondolewa katika sharti la cheti. Hata ndani ya dola hiyo moja kiwango hakifanani. Uingereza penyewe na Wales, bunduki ndefu ya upepo isiyozidi takriban jouli 16 haihitaji cheti. Ireland ya Kaskazini, kiwango ni jouli 1 tu. Scotland, kutokana na sheria ya mwaka 2015, kila mwenye bunduki ya upepo alitakiwa kuwa na leseni kuanzia tarehe 31 Desemba 2016. Chombo kilekile, mikononi mwa mtu yuleyule, hubadilika hadhi kwa safari ya nusu saa.

Fasili ya Kiingereza ndiyo iliyorithiwa katika makoloni mengi. Sheria ya Silaha ya Kenya, kwa mfano, bado inatumia maneno hayo ya silaha yenye mtutu inayoweza kuua. Kwa msomaji wa Kasese funzo ni hili: ukimya wa chombo na ukosefu wa baruti havitoshi kukitoa katika fasili ya namna hiyo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ni kuchanganya sheria ya kumiliki na sheria ya kuwinda. Uganda ina Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970, ambayo utekelezaji wake uko mikononi mwa polisi. Inayo pia Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, ambayo utekelezaji wake unaongozwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA). Hizi ni sheria mbili, zenye ofisi mbili na maswali mawili. Mtu anaweza kuwa na cheti halali cha bunduki na akafungwa kwa kuwinda. Vilevile, mtu anaweza kuwa na chombo kisichohitaji cheti chochote, kama vile mkuki, manati au waya wa kitanzi, na akafungwa kwa kuwinda.

4.0 Maswali Manne

Ili kueleweka kwa urahisi, sheria ya uwindaji inaweza kuelezwa kwa maswali manne, kwa mpangilio ufuatao.

Swali la kwanza: ni wapi? Ndani ya hifadhi ya taifa, kuwinda bila idhini ni kosa bila kujali mnyama wala chombo. Kuingia hifadhini na mtego au silaha kunaweza kumtia mtu matatani hata kabla hajamgusa mnyama. Panga ambalo shambani ni chombo cha kazi hutazamwa kwa jicho jingine linapokutwa ndani ya mpaka wa hifadhi pamoja na nyaya na nyavu.

Swali la pili: ni mnyama gani? Sheria ya Uganda inasema kwamba mnyamapori aliye katika makazi yake ya asili ni mali ya Serikali kwa niaba na kwa manufaa ya wananchi. Kwa hiyo paa aliyekutwa nje ya hifadhi hajawa mali ya mwenye ardhi aliyosimama. Aina ya mnyama huamua pia adhabu. Kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka, Sheria ya 2019 inaruhusu kifungo cha maisha, au faini isiyozidi pointi za sarafu 1,000,000. Kwa kuwa pointi moja ni shilingi 20,000, hiyo ni shilingi bilioni 20. Adhabu hiyo haikubaki katika maandishi: Oktoba 2022, mahakama mjini Kampala ilimhukumu mtu kifungo cha maisha katika kesi ya pembe za ndovu.

Swali la tatu: kwa idhini ya nani? Uganda hugawa matumizi ya wanyamapori katika madaraja, na uwindaji ni daraja A. Anayetaka kuwinda kihalali hupitia utaratibu huo. Uwindaji wa kitalii wenyewe ulisimamishwa mwaka 1979 na kurejeshwa kwa majaribio mwaka 2001 kuzunguka Ziwa Mburo. Idhini iliyotolewa kwa eneo moja haimruhusu mtu kuwinda Bwesumbu.

Swali la nne: kwa chombo gani? Ni hapa tu ndipo bunduki ya upepo, upinde, mtego na mbwa huingia katika mjadala. Chombo kinachokubalika hakiwezi kulihalalisha jibu baya la swali la kwanza, la pili au la tatu. Anayeanza na swali la nne ameanza kuisoma sheria kutoka mwisho.

5.0 Jirani Mmoja, Sheria Nyingine

Mpangilio huo wa maswali unafaa katika nchi zote za kanda. Majibu ndiyo yanayobadilika. Nchini Kongo, uwindaji unaongozwa na Sheria Na. 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, ambayo inatambua vibali vya aina mbalimbali, kikiwamo kibali cha vijijini na kibali cha pamoja cha jamii. Uhifadhi wa mazingira unaongozwa na Sheria Na. 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Mtu wa Kasindi anaposema kwamba kwao mwanakijiji anaweza kupata kibali cha kuwinda, hasemi uongo. Anayemsikiliza Bwera ndiye anayekosea akidhani kwamba maneno hayo yanahusu pande zote mbili za mpaka, au kwamba yanahusu Virunga, ambako hifadhi ya taifa inalindwa kikamilifu.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliendeleza msimamo huo. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, inaruhusu uwindaji wa kitalii na wa wenyeji kwa leseni. Zanzibar ina sheria yake ya misitu ya mwaka 1996 inayogusa pia wanyamapori, kwa kuwa uhifadhi wa wanyamapori si suala la Muungano. Hivyo hata ndani ya Jamhuri moja, mwindaji anayevuka bahari anavuka sheria.

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, bidhaa na watu wamepata nafasi zaidi ya kupita Mpondwe. Uanachama huo haukuunganisha sheria za uwindaji. Mtu hawezi kuvuka na kibali cha Kongo akawinda Uganda, wala kuvuka na silaha kwa kuwa upande mmoja haikumletea shida.

6.0 Maneno Matatu Yanayopotosha

6.1 Haki

Sheria ya Uganda huziita ruhusa zake za madaraja kwa jina ambalo tafsiri yake ya moja kwa moja ni haki za matumizi ya wanyamapori. Kwa Kiswahili, haki ni kitu ambacho mtu anacho tayari na ambacho hakuna anayepaswa kumnyima. Mkulima akisikia kwamba sheria inatambua haki ya kuwinda ya daraja A, ana sababu ya kuelewa kwamba yeye, mzaliwa wa mlimani ambaye babu zake waliwinda hapo, anayo haki hiyo. Ukweli ni kwamba haki hiyo huombwa, hutolewa na inaweza kuondolewa. Neno idhini ya matumizi linabeba maana hiyo kwa usahihi zaidi. Leseni, linalotumika Tanzania, linaeleweka haraka, lakini linaleta picha ya karatasi ya mtu binafsi inayonunuliwa kwa msimu, picha ambayo haiendani na utaratibu wa Uganda.

6.2 Waharibifu

Katika lugha ya kila siku, mnyama mharibifu ni yeyote anayeharibu. Katika sheria, ni aina iliyotangazwa rasmi kuwa hivyo na waziri. Nchini Uganda nyani, ngedere na nguruwe pori wamewekwa katika kundi hilo, na udhibiti wao ni jukumu la serikali za wilaya. Tembo, ambaye huharibu kuliko hao wote, hayumo. Mtangazaji akisema kwamba waharibifu wanaweza kudhibitiwa, pasipo kuwataja kwa majina, ametoa ruhusa ambayo sheria haikuitoa. Tena, hata wale waliotangazwa hudhibitiwa kwa utaratibu wa wilaya. Nyani aliyerudi ndani ya hifadhi yuko chini ya ulinzi wa hifadhi.

Kwa hasara inayosababishwa na wanyama wakubwa, Sheria ya 2019 ilianzisha mpango wa fidia kwa kifo, jeraha au uharibifu wa mali unaofanywa na wanyama waliotajwa katika jedwali lake, nje ya maeneo ya hifadhi. Vilevile, asilimia 20 ya ada za kuingilia hifadhini hurudishwa kwa jamii jirani kupitia serikali za mitaa. Habari hizi zinapaswa kusemwa pamoja na makatazo. Mkulima aliyeelezwa katazo pekee amebakiwa na njaa na waya wa kitanzi.

6.3 Nyama

Katika Kiswahili cha Kongo, nyama ni mnyama na pia ni kitoweo. Katika Kiswahili sanifu, nyama ni kitoweo na mnyama ni kiumbe hai. Tofauti hii ndogo ni nzito mahakamani, kwa sababu kuwinda ni kosa moja na kupatikana na nyama ya mnyamapori ni kosa jingine. Mtu aliyenunua kipande cha nyama ya pori sokoni hakuwinda, lakini anaweza kushtakiwa. Akiulizwa kwa Kiswahili kama alikuwa na nyama, naye akajibu ndiyo, inafaa ijulikane kama amekiri kuwa na kitoweo mfukoni au amekiri kuwa na mnyama mtegoni.

7.0 Lugha Wakati wa Kukamatwa

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, Ibara ya 23, inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu za kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 28 inataka mshtakiwa aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, na apewe mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya kesi. Ibara hiyohiyo inazuia mtu kutiwa hatiani kwa kosa ambalo halikufasiliwa katika sheria. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, Ibara ya 18, nayo inataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na Ibara ya 1 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha za taifa.

Kwa hiyo, ingawa sheria za uwindaji zinatofautiana kati ya pande mbili za mpaka, haki ya kuelezwa inafanana. Hapa neno haki liko mahali pake: haliombwi wala halilipiwi. Thamani yake, hata hivyo, inategemea mkalimani. Mkalimani anayetumia ujangili kwa kila tendo amekwisha kumhukumu mshtakiwa kabla ya hakimu, kwa kuwa neno hilo lina hukumu ndani yake. Aseme kuwinda bila idhini, kupatikana na nyama, kuingia hifadhini na mtego, kila kosa kwa jina lake, ili mshtakiwa ajue analojibu.

Kazi hii haianzi patupu. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukiendeleza zaidi, ikiwamo kufundishwa shuleni. Tanzania, kwa marekebisho ya mwaka 2021, ilikifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama. Istilahi za Kitanzania zitazidi kufika Kasese kupitia vitabu na redio. Zipokelewe, lakini kila moja ipimwe dhidi ya sheria ya Uganda na dhidi ya masikio ya msemaji wa Lukonzo kabla ya kuwekwa kwenye bango.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba bunduki ya upepo ni mlango mzuri wa kuingilia sheria za uwindaji, kwa kuwa hadhi yake hubadilika kutoka nchi hadi nchi na hata kutoka jimbo hadi jimbo. Yameonesha pia kwamba kwa mkazi wa Bwesumbu swali la chombo huja mwisho, baada ya mahali, mnyama na idhini.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, matangazo ya Kiswahili katika kaunti ndogo zinazopakana na hifadhi yawataje wanyama kwa majina, kwa Kiswahili na Lukonzo, badala ya kutumia makundi ya jumla. Pili, neno idhini litumike mahali pa haki kila panapozungumzwa ruhusa inayotolewa na serikali. Tatu, wakalimani wa mahakama na vituo vya polisi vya Kasese, Bwera na Mpondwe waandaliwe orodha fupi ya makosa ya wanyamapori kwa Kiswahili, kila kosa likiwa na jina lake na fasili yake. Orodha ya namna hiyo inaweza kutosha katika ukurasa mmoja, na mkulima aliyesimama kizimbani ataweza kujua, kwa lugha anayoielewa, anashtakiwa kwa kumwinda mnyama au kwa kununua kitoweo.